Flashi nyumbani inapiga, ikifika kazini inagoma. Wakuu nisaidieni nachanganyikiwa

Kivuli_Kirefu
Wakuu habari zenu. Nina flashi ya kuchomeka juu ya kamera, mwaka wa tatu huu naitumia na haijawahi kunisumbua hata siku moja, ila wiki mbili hizi imeanza vituko ambavyo sivielewi. Nikiwa nyumbani naijaribu inapiga vizuri tu, nabonyeza kitufe cha testi paa, naichomeka kwenye kamera paa, nalala najua mambo safi. Kesho yake niko ukumbini watu wameshajipanga, picha ya kwanza giza, ya pili giza, ya tatu inakubali, ya nne giza. Jumamosi nimepiga harusi nimerudi na picha kibao nyeusi tii, bwana harusi ndani ya suti nyeusi umebaki unaona kola ya shati tu inaelea.

Nilichofanya mpaka sasa: betri nimebadilisha mara mbili, zile pini za chini nimezifuta, kamera nimeirudisha setingi za kiwandani. Ile taa nyekundu ya kusema iko tayari inawaka kama kawaida. Haijadondoka, haijanyeshewa. Ni kama yule mtoto anasoma vizuri kwa mama yake, akifika kwa mwalimu bubu. Shida itakuwa nini au ndo basi imeshakufa?

JichoKavu
Betri hizo mkuu. Asilimia kubwa ya flashi kugoma ni betri, weka nzuri utatuambia.

Kivuli_Kirefu
Nimesema nimebadilisha mara mbili kaka.

JichoKavu
Umebadilisha umeweka zipi sasa? Kuna watu wanaweka zile za rimoti halafu wanalalamika

mama_lenzi
JichoKavu hajakosea sana ingawa hajasoma post yako yote, kama kawaida yake 😂

Mdogo wangu betri usizihukumu kwa kuwa ni mpya. Zile za bei ya chini za zinki zinazokaa kwenye rimoti na saa ya ukutani hazina nguvu ya kusukuma umeme mwingi kwa mara moja, na flashi ikiwa inajijaza baada ya kupiga fulu pawa inavuta ampea kadhaa, sio mchezo. Zitapiga mara kumi mbili hivi halafu unaanza kusubiri mpaka usahau ulikuwa unapiga nani. Alkalini ni afadhali kidogo kuliko hizo za zinki lakini nazo zinachoka haraka. Zinazofaa ni za kuchaji, zile za nikeli zilizoandikwa NiMH, ukiziangalia zina volti 1.2 tu badala ya 1.5 ya alkalini na mtu anaona ni dhaifu, kumbe ndani ukinzani wake ni mdogo kwa hiyo zinajaza flashi haraka kuliko hizo za 1.5. Zote nne ziwe za aina moja, umri mmoja, zimechajiwa pamoja. Ukichanganya tatu nzima na moja iliyochoka, ile moja inaburuza wenzake wote.

Halafu usije ukadanganyika na zile za lithiamu za volti 3.7 zenye umbo lile lile la AA, zinaingia vizuri kabisa mahali pake na ndo hatari yenyewe. Nne zake ni karibu volti 15 wakati flashi inategemea 6 au chini ya hapo. Utanusa moshi.

Swali langu kwako: kamera yako ni ya kioo au mirolesi, ile isiyo na kioo ndani? Na shata, ile inayofungua na kufunga kuruhusu mwanga, umeweka ya aina gani? Maana mirolesi nyingi ukiweka shata ya kielektroniki, ile ya kimya, flashi haipigi kabisa. Watu wanaiweka wakati wa viapo ili wasisumbue, sherehe ikianza wanasahau kuitoa, wanaanza kulaumu flashi.

Chipukizi_Picha
Samahani wakuu naomba nidandie uzi. Mimi yangu inapiga kila mara ila picha inatoka na mstari mweusi mpana chini, kama mtu ameweka kitambaa. Nayo ni flashi imekufa??

mama_lenzi
@Chipukizi_Picha haijafa. Shata yako umeweka ngapi?

Chipukizi_Picha
1/400 ya sekunde, nilisoma spidi kubwa inazuia picha kutikisika

mama_lenzi
Ndo hapo. Shata ina mapazia mawili, la kwanza linafungua la pili linafunga. Kwenye spidi ndogo kuna kipindi sensa nzima, pale picha inaponaswa, iko wazi na flashi inapiga hapo hapo. Ukipita kikomo, ambacho kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, pazia la pili linaanza kushuka kabla la kwanza halijamaliza, kinachobaki ni ufa unaotembea, sasa flashi ikimulika ule mstari mweusi ndo kivuli cha pazia. Shuka 1/200 uje utuambie. Kama flashi yako ina HSS, ile modi ya kupiga juu ya kikomo hicho, unaweza kupanda juu ila nguvu inapungua sana.

Sasa tumrudie mwenye uzi.

Kivuli_Kirefu
Nimerudi. Dada betri zangu ni hizo hizo NiMH, seti mbili, moja nimenunua mwezi uliopita. Jana nimeweka na alkalini mpya kabisa kutoka kwenye pakiti, tabia ile ile. Kamera ni mirolesi, shata ni ya kawaida ya mapazia, nimehakikisha kwenye menyu. Na kama ingekuwa shata ya kimya si isingepiga hata moja? Hii inapiga moja inaruka mbili.

mama_lenzi
Kweli, hilo limetoka. Nyumba ya betri umeangalia? Unga mweupe au wa bluu bluu kwenye springi?

Kivuli_Kirefu
Safi inang'aa.

Pini_Tano
Mimi naanza na kiatu, yaani pale juu ya kamera flashi inapochomekwa. Ile pini kubwa ya katikati ndo inayosema "piga", hizo ndogo pembeni ni za mazungumzo tu, TTL (kamera kuipangia flashi nguvu yenyewe), zumu, taa ya tayari na mambo kama hayo. Kwa hiyo unaweza ukaona kioo cha flashi kimeandika TTL kila kitu kipo halafu haipigi kwa sababu katikati hapagusani. Ingiza flashi mpaka mwisho, sio nusu, kisha kaza kufuli. Kuna watu wanaining'iniza tu, wakitembea inarudi nyuma milimita moja, kwisha.

Kusafisha tumia raba ya penseli, sugua taratibu pini za flashi halafu na zile za kwenye kamera, malizia na pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke. Msasa usiguse maana unatoa ile rangi ya dhahabu na chini yake chuma kinaanza kutu.

(Mbali kidogo na mada ila kuna mtu ataliuliza: Canon EOS 250D ya 2019 ilitoka bila hiyo pini ya kati kabisa. Flashi za kawaida na triga (vifaa vya kupigisha flashi kwa mbali) zinazotegemea pini hiyo pekee haziwezi kupiga juu yake hata uombe dua. Kabla hujasema flashi mbovu angalia kiatu cha kamera yako kina kile kidoti cha chuma cha katikati au hakina.)

Testi ya kujua mbovu ni nani kati ya kamera na flashi: toa flashi kwenye kamera, iwashe, iache ijae, chukua kipande cha waya gusanisha pini ya kati na ule ukingo wa chuma wa kwenye mguu wake. Lazima ipige. Ikipiga kila mara flashi haina kosa, kamera ndo haisemi. Lakini fanya hivyo kwa flashi za kisasa tu ambazo pale kuna volti chache. Zile za zamani za enzi za filamu, baadhi zina volti mia mbili na zaidi kwenye hiyo pini, hizo usiguse na wala usizipandishe juu ya kamera ya kidijitali.

Kivuli_Kirefu
Asante mkuu. Nimefanya. Mguu umesafishwa, kufuli imekazwa, waya nimegusanisha mara ishirini imepiga ishirini. Nikaipandisha kwenye kamera nikapiga picha thelathini hapa sebuleni. Zote zimepiga!! Nafikiri ilikuwa pini. Mungu awabariki, kesho kutwa nina kazi nitaleta mrejesho.

JichoKavu
Safi, uzi ufungwe

Kivuli_Kirefu
Msifunge 😭

Imegoma tena. Picha ya pili tu. Nilitaka kuitupa kwenye keki.

Chipukizi_Picha
Pole sana kaka. Labda ukumbini kuna joto?

JichoKavu
Au triga za wapiga picha wengine zinaingiliana na yako. Ukumbini mko wengi. Na kama umeiweka kwenye ile modi ya kufuata mwanga wa flashi nyingine itakuwa inapigishwa na kamera za watu, wewe ukija kubonyeza inakuta haijajaa.

Kivuli_Kirefu
Niko peke yangu na video mmoja tu asiye na flashi. Modi ni ya kawaida, juu ya kamera. Joto hapana, picha ya pili itapataje joto.

JichoKavu
Basi hiyo ni ya ndani. Mimi ningeifungua nione, ni skrubu nne tu hizo, unaangalia waya ulioachia unaurudishia.

Fundi_Mkimya
Huwa nasoma napita lakini hapa lazima niandike. Kivuli usifungue hiyo flashi tafadhali, na wewe JichoKavu usimshauri mtu hivyo.

Ndani kuna kapasita kubwa, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayokaa na volti 300 na kitu. Betri ni za volti 6 ndio, lakini ule mluzi mwembamba mnaousikia ukiwasha ni saketi inayopandisha hizo 6 mpaka huko. Flashi kubwa ya kamera inaweza kuwa imehifadhi jouli 70 hivi, na ukizima na kutoa betri haziondoki papo hapo, zinaweza kukaa humo muda mrefu tu. Ukigusa kwa mkono mmoja upande huu na mwingine upande ule, umeme unapita kifuani. Na wale wanaogusanisha na bisibisi ili "kuitoa moto" wanaharibu kapasita na ncha ya bisibisi inaruka kipande. Inatolewa taratibu kwa rezista halafu unapima na multimita kabla hujaweka mkono.

Tuje kwenye tatizo. Mmepita betri, mmepita mguu, vyote sawa. Naomba vitu viwili.

Cha kwanza, weka manyuo (nguvu unapanga mwenyewe), nguvu 1/1 yaani fulu. Piga. Pale inapogoma angalia ile taa nyekundu mara moja: inazima halafu inarudi, au inabaki inawaka vile vile?

Cha pili, ukiwa ukumbini kichwa cha flashi unakielekeza wapi? Na nyumbani ukijaribu kinaangalia wapi?

Kivuli_Kirefu
Ngoja nijaribu la taa. La pili jibu ninalo, ukumbini huwa nabaunsi, kichwa juu kwenye dari. Nyumbani… mbele tu, naijaribu ikiwa imetazama mbele kama ilivyotoka kwenye mkoba.

Subiri kwanza.

mama_lenzi
Ohoo

Fundi_Mkimya
Jaribu kwa kitufe cha testi, bila kamera kabisa. Mbele piga mara tano. Inua kichwa hatua moja piga mara tano. Endelea hivyo mpaka kiangalie juu kabisa. Halafu kigeuze kushoto na kulia. Andika.

Kivuli_Kirefu
Wakuu nimekaa chini kwenye zulia kama mgonjwa. Haya:

mbele: 5 kwa 5
digrii 45: 5 kwa 5
60: imepiga 3 imegoma 2
75: 1 tu
90 juu kabisa: 0. Hata moja!
juu + kulia: 0
juu + kushoto: imepiga 4 sijui kwa nini
nikirudisha mbele: 5 kwa 5 kama vile hakuna kilichotokea

Na taa nyekundu, ikigoma HAIZIMI. Inabaki inawaka tu inaniangalia. Ikipiga inazima inachukua sekunde tatu nne inarudi.

Pia nimeona kikiwa juu ile namba ya zumu inapotea kinaandika vistari viwili, hiyo nayo ni ubovu?

Fundi_Mkimya
Vistari si ubovu, flashi kadhaa zikiinuliwa kichwa zinaacha kufuata zumu ya lenzi kwa sababu mwanga hauendi kule lenzi inakoangalia.

Ubovu ni waya shingoni. Kichwa kinashikana na mwili kwa waya kadhaa zinazopita pale penye bawaba. Kila ukikiinua zinakunjwa, ukikirudisha zinanyooka, ukikigeuza zinapindwa. Fanya hesabu ya harusi zako miaka mitatu. Mara nyingi ganda la plastiki la nje linabaki zima kabisa ila shaba ya ndani imekatika, kichwa kikiwa mbele ncha mbili zinagusana, kikiinuka zinaachana. Ndo maana kushoto imekubali, kule zinasukumwa zikagusana tena.

Na taa kubaki inawaka ndo imenihakikishia. Ingekuwa betri, flashi ingepiga halafu ichelewe kujaa. Hapa kapasita imejaa, amri imefika, ila moto haukutoka kwa hiyo hakuna kilichotumika, na taa haina sababu ya kuzima.

JichoKavu
Fundi nakubali ila swali, kama waya umekatika mbona taa inasema tayari? Si ingejua?

Fundi_Mkimya
Taa inapima kapasita tu, kama kapasita imejaa inawaka. Haijui kitu kuhusu tyubu.

Iko hivi. Tyubu ya kichwani ni kioo chenye gesi ya zenoni. Zile volti 300 zipo kwenye ncha zake mbili muda wote lakini gesi haipitishi umeme, kwa hiyo zinakaa zinasubiri. Ukibonyeza, kuna koili ndogo inatoa mshtuko wa volti elfu kadhaa kwa muda mfupi sana kwenye ukuta wa nje wa kioo, gesi inavunjika inaanza kupitisha, kapasita yote inamwagika humo, mwanga. Ukikatika waya wa ule mshtuko, au mmoja wa zile nene za kapasita kama kapasita yenyewe iko mwilini, matokeo ni yale yale, imejaa na haipigi. Ipi kati ya hizo itajulikana ikifunguliwa, modeli zinatofautiana vitu gani vimewekwa kichwani na vipi chini.

Pini_Tano
Aisee. Mimi nilimpigisha waya mara ishirini na kichwa kimelala mbele. Testi yangu ilikuwa sahihi ila niliuliza swali lisilo lenyewe.

Kivuli_Kirefu
Sasa fundi nina kazi Ijumaa na flashi ni hiyo moja. Nifanyeje? Nipige na kichwa mbele? Nyuso zitang'aa kama sahani

mama_lenzi
Kama una triga na stendi, itoe kwenye kamera. Acha kichwa kimenyooka hivyo hivyo usikiguse, halafu kwenye stendi inamisha flashi NZIMA itazame dari. Shingo haijakunjwa, mwanga unabaunsi. Utapoteza TTL kama triga yako haina, weka manyuo 1/4 anzia hapo, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 800, rekebisha kwa kuangalia.

Kuingia kanisani asubuhi au kwenye kufukuzana na watoto wa maua itakusumbua maana stendi haitembei. Hapo panda ISO utumie mwanga wa ukumbi.

Fundi_Mkimya
Hiyo ni nzuri. Ila usitumie mpaka miezi sita ukasema imepona. Waya uliokatika wenye volti hizo unacheza cheche ndani, ganda likiungua utapata tatizo kubwa kuliko hili. Baada ya Ijumaa peleka kwa mtu anayetengeneza flashi, na umwambie maneno haya haya: mbele inapiga, kuanzia 60 inaruka, 90 haipigi, taa haizimi. Ukimwambia tu "wakati mwingine inagoma" ataijaribu mezani ikiwa imetazama mbele, itapiga, atakurudishia na kukwambia nunua betri.

Kivuli_Kirefu
Mrejesho kama nilivyoahidi, samahani kwa kuchelewa.

Ijumaa nimepiga kwa njia ya mama_lenzi, stendi pembeni ya jukwaa, flashi nzima imelazwa chali. Picha zimetoka laini kuliko nilizozoea, mpaka nimejiuliza kwa nini siku zote naibeba juu ya kamera.

Jumatatu nimempelekea fundi, nikamsomea maneno yale. Alitaka kuijaribu mezani kwanza nikamwambia inua kichwa, akainua, ikagoma, akacheka. Amefungua mbele yangu. Ametoa betri, akashika rezista na koleo akaimwaga kapasita, akapima, akasubiri, akapima tena. Shingoni kuna waya sita saba hivi zimefungwa pamoja. Zote kwa macho nzima. Ameivuta mmoja mmoja taratibu na koleo, mmoja ukanyumbuka kama mpira, ganda limevutika na ndani hamna kitu. Ni ule wa mshtuko. Amebadilisha huo na mwingine wa jirani ambao alisema nao umeshalegea, ameweka waya wenye nyuzi nyingi nyembamba na ganda la silikoni, anasema huo unavumilia kukunjwa, akalehemu akafunga.

Nimejaribu kila pembe mara kumi. Juu 10, juu kulia 10, juu kushoto 10, nyuma kabisa 10. Haijaruka hata moja. Baada ya hiyo ya arobaini ikaandika alama ya joto ikakataa, roho ikanitoka, fundi akasema iache dakika kumi inajilinda tu. Kweli ikarudi.

mama_lenzi
Hongera mdogo wangu! Hiyo ya joto ni kawaida ukiipiga fulu pawa mfululizo, tyubu na kioo cha mbele vinachemka. Bora iliyojikatalia kuliko ya kwangu ya zamani iliyoyeyusha kioo chake ikanyamaza.

Fundi_Mkimya
Safi. Ukiirudisha kwenye mkoba kinyooshe kichwa, usiibane ikiwa imepinda.

JichoKavu
Mimi nilisema ya ndani

Pini_Tano
Ulisema betri mkuu

JichoKavu
Nilisema betri KWANZA

Chipukizi_Picha
Na mimi mrejesho, nimeshuka 1/200 mstari mweusi umeondoka kabisa asanteni sana. Ila sasa leo nimepiga nje juani na f/2, tundu la lenzi wazi sana, picha zote zimeungua nyeupe pee, nikipandisha shata mstari unarudi. Nifanyeje?

mama_lenzi
Fungua uzi wako mwanangu, tunakuja.